Mstari Ambao Zuleica Hakuufuta

Zuleica Fauzi alikuwa na miaka arobaini na mmoja alipoteuliwa kuwa katibu wa kamati ya kugawa soko la samaki la Nalwembe. Wengi waliona amepewa kazi ya kushika kalamu tu. Alikuwa ameishika kwa miaka kumi na minane katika ofisi ya posto, yaani ofisi ya serikali ya tarafa, akiandika barua za kuzaliwa, za kufiwa, za kuhama, na mwandiko wake ulijulikana hadi Mocímboa da Praia. Ulikuwa mwandiko wa kusimama wima. Hata asiyejua kusoma aliutambua kwa mbali.

Miaka hiyo kumi na minane ilikatika katikati. Vita vilipofika Nalwembe, Zuleica alitoka na mama yake, Bi Alima, wakatembea siku tatu kabla ya kupata gari, na mwisho wakajikuta kwenye kambi ya waliohama huko Montepuez. Pale kambini orodha ya chakula iliandikwa na mtu mmoja aliyeitwa kiongozi wa eneo. Mwezi wa tatu tangu wafike, jina la Bi Alima halikusomwa. Zuleica alikwenda akaomba kuiona karatasi. Mahali pa jina la mama yake palikuwa na jina la mkwe wa kiongozi, mtu ambaye alikuwa akilala mjini na hajawahi kuonekana kambini.

"Nani aliamua jina hili liingie?" aliuliza.

"Mimi," kiongozi alisema.

"Na nani alikuwepo ulipoamua?"

Kiongozi alimtazama kama anayeulizwa kitu cha kitoto. "Mimi," alirudia.

Mwezi ule walikula kwa huruma ya majirani. Zuleica hakuwa mtu wa kulialia, wala hakulisimulia jambo lile mara nyingi. Lakini waliofanya naye kazi baadaye walimwona kila mara akiuliza swali lilelile, la nani alikuwepo, mpaka wengine wakawa wanalikwepa.

Waliporudi Nalwembe, nyumba ilikuwa kuta mbili na kifusi. Walijenga upya, chumba kimoja kwanza. Bi Alima alirudi kwenye kazi yake ya ng'onda, kupasua samaki na kuwaanika, kazi aliyoianza kabla hajaolewa. Zuleica alirudi ofisini, akapewa meza iliyookolewa na kiti cha plastiki. Mwaka uliofuata ukaja mradi wa soko. Ulijengwa ukumbi wa saruji wenye bati jipya, ndani mna meza ishirini na nne za vigae, ambazo kila mtu aliziita banca, na pembeni kukawa na chumba cha barafu. Walioomba banca walikuwa sitini na mmoja. Walioomba kuendesha chumba cha barafu walikuwa watatu.

Chumba cha barafu ndicho kilichokuwa na uzito. Mwenye barafu ndiye anayeamua samaki wa nani watafika kesho wakiwa wazima na wa nani watauzwa leo kwa bei ya kutupa. Wanawake wa ufukweni walilijua hilo kuliko mtu yeyote wa ofisini.

Kamati ilikuwa na watu watano. Mwenyekiti alikuwa Chefe Narciso, mkuu wa posto. Wawili walikuwa wafanyakazi wa ofisi yake. Wa nne alikuwa Mwalimu Judite, Mmakonde kutoka uwandani aliyekuwa akifundisha shule ya msingi, na wa tano Zuleica, mwenye kura kama wengine, pamoja na kazi ya kuandika acta, yaani kumbukumbu za kikao.

Siku ya kwanza Zuleica alisoma kanuni kwa sauti, kama alivyotakiwa. Kanuni ilikuwa fupi. Mjumbe ambaye yeye, au mwenzi wake, au mzazi, mtoto, ndugu au shemeji yake ameomba, aseme mbele ya wenzake, atoke chumbani, asipige kura wala kulizungumzia ombi hilo, na kutoka kwake kuandikwe. Hivyo ndivyo mgongano wa maslahi unavyozuiwa, karatasi ilisema. Wote watano walitia saini chini yake. Chefe Narciso alitia saini huku akizungumza kwenye simu.

Walipofika kwenye jina la Alima, Zuleica alisimama.

"Huyu ni mama yangu," alisema. "Natoka. Mwalimu Judite ataandika."

Alisimama nje karibu na jenereta, juani, akisikia kelele za mashine tu. Hazikupita dakika tano akaitwa. Alipoketi, Chefe alikuwa akitabasamu.

"Tumempa mama banca namba tatu," alisema. "Pale mlangoni kabisa. Hatukuhitaji hata kujadili."

Zuleica alimtazama Judite. Judite aliinamisha macho kwenye karatasi. Zuleica alielewa kwamba amepewa kitu ambacho hakukiomba, na kwamba atakuja kudaiwa. Hakusema neno, kwa sababu kanuni ilimkataza kusema juu ya jambo la mama yake, hata kama ni kulikataa.

Saa moja baadaye wakafika kwenye chumba cha barafu. Kati ya waombaji watatu alikuwemo Nélio, mtu wa makamo aliyewahi kufanya kazi ya majokofu Pemba. Dada yake Nélio ndiye mke wa Chefe Narciso. Chefe aliendelea kuketi. Akafungua jalada, akaanza kueleza sifa za Nélio.

"Chefe," Zuleica alisema, "Nélio ni shemeji yako."

"Najua shemeji zangu, dada Zuleica."

"Basi kanuni inakutaka utoke."

Chefe aliweka jalada chini taratibu. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa na sauti ya upole, na hiyo ndiyo iliyowashinda wengi. "Nalwembe yote ni mashemeji," alisema. "Ukimtoa kila mwenye ndugu humu, watabaki nani? Viti?"

"Ndiyo maana tunatamka na kutoka," Zuleica alisema. "Hakuna aliyekatazwa kuwa na ndugu. Mimi nimetoka kwa mama yangu. Dakika tano tu. Sijafa."

Mmoja wa wafanyakazi wa ofisi alicheka, kisha akajizuia. Chefe alisema muda umekwenda, akaitisha kura. Kura tatu zilikuwa za Nélio, mbili za mwombaji mwingine. Ya tatu ilikuwa ya Chefe mwenyewe.

Kesho yake Zuleica aliandika acta. Aliandika kama kawaida yake, mwandiko wima: waliohudhuria, majina, kura. Aliandika kwamba katibu alitoka kwa jina la mama yake. Na chini ya jina la Nélio aliandika mstari mmoja: Mwenyekiti ni shemeji wa mwombaji, alikumbushwa kanuni na katibu, hakutoka, alipiga kura.

Adhuhuri Chefe alimwita. Acta ilikuwa mbele yake, na kalamu nyekundu imepita juu ya mstari ule.

"Andika upya bila hii," alisema.

"Kuna neno la uongo hapo, Chefe?"

"Si suala la uongo. Ni suala la busara."

"Kama si uongo, siufuti."

"Mimi ndiye mwenyekiti. Nakuagiza."

"Basi nitaongeza mstari wa pili," Zuleica alisema. "Nitaandika kwamba mwenyekiti aliagiza mstari wa kwanza ufutwe."

Chefe alifunika kalamu nyekundu. Kisha akauliza kwa sauti ileile ya upole, "Mama hajambo? Ameipenda banca yake?" Zuleica aliichukua acta yake mezani. "Banca hutolewa," Chefe alisema, "na kilichotolewa huweza kurudishwa."

Zuleica alitoka akaenda kwenye meza yake. Kisha akaiandika acta upya, na mistari yote miwili ikiwemo. Akatia saini. Judite alikuja baada ya vipindi vya shule, akaisoma akiwa amesimama, akatia saini yake chini. "Acta hii ya pili ni nzuri kuliko ya kwanza," alisema.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. Bi Alima alikuwa ameshaisugua banca namba tatu kwa mchanga na sabuni, ameshahamisha vikapu vyake, na kwa mara ya kwanza tangu warudi alikuwa anazungumza habari za mwaka ujao. Zuleica alimweleza kila kitu, bila kupunguza.

"Mstari mmoja," Bi Alima alisema. "Kwa mstari mmoja wa karatasi unataka nirudi kukaa chini juani."

"Sitaki urudi juani, mama."

"Lakini utaniachia nirudi."

"Nikiufuta, nitakuwa kama yule wa Montepuez."

"Yule alitunyima chakula. Wewe hujamnyima mtu chakula."

"Tusubiri nini basi, mama? Mpaka niwe nimemnyima mtu?"

Kwa siku tano Bi Alima alimpakulia mwanawe chakula, akamwekea, akaenda kula upande wa pili wa ua. Zuleica alikula peke yake. Alisema baadaye kwamba maneno ya Chefe hayakumkosesha usingizi hata siku moja, lakini mgongo wa mama yake pale uani ulikaribia kumshinda.

Siku ya sita Chefe Narciso alifanya kosa. Alikwenda sokoni mwenyewe, asubuhi watu wakiwa wamejaa, akasimama mbele ya banca namba tatu. Alimwamkia Bi Alima kwa heshima zote. Akamwambia kwamba yeye kama mzazi ana nafasi ya kuzungumza na binti yake. Bi Alima alisema binti yake ni mtu mzima. Ndipo Chefe akasema, kwa upole wake, "Mama, usisahau nani amekuweka hapa."

Bi Alima aliacha kisu.

"Nani ameniweka wapi?" aliuliza.

"Hapa mlangoni. Ni mimi. Kwa ajili ya Zuleica."

Kumbe muda wote ule, hata baada ya maelezo ya Zuleica, Bi Alima hakuwa amelifikiria hivyo. Aliamini amepewa banca kwa sababu ni yeye, Alima, aliyeanika ng'onda kwenye ufuko ule kwa zaidi ya miaka arobaini, aliyewafundisha nusu ya wanawake waliosimama pale namna ya kushika kisu. Ombi lake alikuwa amelitia dole gumba, kwa jina lake mwenyewe. Sasa anaambiwa ni zawadi, na tena zawadi yenye kamba.

Hakupaza sauti. Aliwatoa samaki wake mmoja mmoja, akawapanga kwenye kikapu. Akafuta vigae kwa kitambaa mpaka vikang'aa. Kisha akachukua jamvi lake, akatoka nje ya mlango, akalitandika chini juani, hatua sita kutoka mahali alipokuwa, akaketi na kuanza kuuza.

"Niliomba meza," alimwambia Chefe alipopita akitoka. "Sikuomba kuwekwa."

Siku ile mchana alikula na mwanawe sahani moja. Bi Alima alisema tu kwamba jua la nje si kali kama alivyofikiri, jambo ambalo wote wawili walijua si kweli.

Kanuni ilitaka acta ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa posto kwa siku kumi. Zuleica aliibandika. Jioni haikuwepo. Akabandika nyingine asubuhi, nayo ikaondolewa kabla ya adhuhuri. Alibandika mara tano. Mara ya sita alikwenda nayo sokoni, na kwa kuwa ilikuwa imeandikwa kwa Kireno, akaisoma kwa Kiswahili, na palipohitajika kwa Kimwani, lugha ya pwani ile, akiwa amesimama karibu na jamvi la mama yake. Hakuongeza neno lake. Alisoma waliohudhuria, majina, kura, mistari miwili, saini mbili. Wanawake waliacha kupima samaki wakasikiliza.

"Soma tena pale pa shemeji," mmoja alisema.

Akasoma tena.

Wiki ile ile ikaja barua ya uhamisho. Kwa mahitaji ya kazi, Zuleica Fauzi anapelekwa Mbau, kwenye ofisi ya kuandikisha watu, kuanzia mara moja. Barua ilikuwa na muhuri unaong'aa. Wafanyakazi wenzake walimshauri amwombe Chefe msamaha, kwamba bado kuna nafasi. Zuleica alifunga droo yake, akampa Judite nakala ya acta, akabaki na nyingine.

"Nitaipeleka juu," Judite alisema.

"Wewe bado unaishi hapa, Mwalimu. Fikiri vizuri."

"Nimeshafikiri. Jina langu limo kwenye karatasi hiyo. Sikulitia pale kama urembo."

Zuleica alisafiri nyuma ya lori la saruji, akashuka Awasse, akangoja lingine, akafika Mbau na begi moja na mkeka. Ofisi ilikuwa chumba chenye dirisha lisilo na kioo. Siku ya kwanza aliandikisha watoto kumi na wanne waliozaliwa njiani wakati wa kukimbia, ambao mpaka siku ile hawakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba wapo. Aliwauliza mama zao majina ya mahali walipozaliwa. Mmoja alisema "porini," na Zuleica akauliza pori la wapi, karibu na mto gani, mpaka akapata jina la kuandika.

Miezi mitatu baadaye mkaguzi alitoka mkoani, mwanamke kijana aliyeitwa Tânia, mwenye miwani na maswali mafupi. Barua ya Judite ilikuwa imefika. Alikaa Nalwembe siku mbili, kisha akapita Mbau.

"Ni wewe uliyeandika hii?" alimuuliza Zuleica, akiweka nakala mezani.

"Ni mimi."

"Mwenyekiti anasema ulikuwa na chuki naye."

"Inawezekana sasa ninayo," Zuleica alisema. "Siku ile sikuwa nayo. Muulize kama alitoka chumbani. Hilo halihitaji chuki."

Tânia aliandika. "Nimemuuliza," alisema. "Hakutoka."

Uamuzi ulifuata baada ya muda mrefu kuliko watu walivyotaka. Kura ya chumba cha barafu ilifutwa. Ugawaji wa banca nao ulifutwa wote, kwa sababu namba tatu haikujadiliwa, na kilichofanyika kwa moja huenda kilifanyika kwa nyingine. Majina sitini na moja yalitiwa ndani ya ndoo, yakachotwa mbele ya watu, mchana, soko likiwa limejaa. Jina la Alima halikutoka. Lilibaki kwenye ndoo pamoja na mengine thelathini na sita, na Bi Alima akaendelea na jamvi lake nje ya mlango. Alipoulizwa kama anajuta, alisema ndoo haina shemeji.

Chumba cha barafu kilipigiwa kura upya, Chefe akiwa nje. Waombaji walikuwa walewale watatu. Akashinda Nélio. Alikuwa ndiye anayejua majokofu kuliko wenzake, na safari hii alipewa mkataba wenye masharti: barafu iuzwe kwa bei moja kwa kila mtu, na kwa zamu ya kufika. Masharti yale yalibandikwa mlangoni kwa Kireno na Kiswahili.

Kuna waliocheka. Mmoja wao, mfanyakazi wa ofisi ya posto, alimpigia Zuleica simu Mbau makusudi.

"Dada, umehamishwa, mama yako yuko juani, na Nélio amepata kilekile. Umefaidi nini?"

"Mwanzo Nélio alikuwa na shemeji," Zuleica alisema. "Sasa ana masharti. Akimnyima barafu mwanamke yeyote, kuna karatasi mlangoni ya kumwonyesha. Ukitaka kujua faida, kaulize foleni."

Foleni ilikuwepo kweli. Nélio mwenyewe, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikiri kwa Judite kwamba ni nafuu kwake pia. Bila masharti yale, ndugu zake wote na wa Chefe wangemjia kuomba barafu kwanza, na angeshindwa kuwakatalia.

Chefe Narciso alihamishwa wilaya nyingine. Hakushushwa cheo. Alikwenda na gari lake na upole wake, na huko aendako bila shaka anaongoza kamati.

Mkuu mpya wa posto alimwandikia Zuleica. Alisema ofisi ya Nalwembe inamhitaji, na kwamba anaweza kurudi mwezi ujao. Iliambatanishwa fomu ya kutia saini. Zuleica aliisoma mara mbili. Ilisema kwamba alihamia Mbau kwa ombi lake mwenyewe na sasa anaomba kurudi.

Alitamani kurudi. Alikuwa akimkumbuka mama yake kila anapokula. Siku za Ijumaa, baada ya sala, alimpigia simu, na Bi Alima alimweleza nani kaolewa, samaki gani wameingia, nani kagombana kwenye foleni ya barafu. Fomu ile ilihitaji saini moja tu.

Alichukua kalamu, akakata sentensi ya kwanza kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika: Nilihamishwa baada ya kukataa kufuta mstari kwenye acta. Naomba nirudishwe, na sababu hii iandikwe. Akatia saini, akaituma.

Jibu bado halijaja. Zuleica amekodi nusu ya shamba nyuma ya ofisi na kupanda muhogo, na wanaokwenda kuandikisha watoto humkuta wakati mwingine ana udongo kwenye kanga. Hunawa mikono kwanza, kisha huketi, na kuuliza mtoto amezaliwa wapi.